Zoezi la Maafa Lisiwe Sherehe

MAAFA hayapigi hodi wala hayaandiki barua ya kuomba miadi. Huja usiku wa manane, huja siku ya mapumziko, huja siku ambayo mkuu wa idara yuko safarini na dereva wa gari la wagonjwa ameomba ruhusa kwenda kuzika. Kwa sababu hiyo, nchi yoyote inayojali uhai wa watu wake haina budi kuwazoeza mapema madaktari, wauguzi, askari wa zimamoto, polisi na watumishi wengine wote ambao siku hiyo wataitwa. Juu ya hilo hakuna ubishi. Ubishi uko katika swali la pili: zoezi hilo lifanywe kwa namna gani, na kwa shabaha gani?

Wengi miongoni mwetu tumewahi kushuhudia zoezi la maafa. Siku hutangazwa wiki mbili kabla. Turubai husimikwa, viti vya wageni hupangwa, na vipaza sauti hujaribiwa tangu alfajiri. Saa nne kamili moshi hufuka kutoka katika mapipa, king'ora hulia, na gari la zimamoto lililokuwa limeegeshwa hatua mia moja kutoka hapo, tangi limejaa na injini inanguruma, huwasili kwa dakika mbili. Majeruhi wa kuigiza, wakiwa wamepakwa rangi nyekundu, hubebwa kwa machela mpya. Mgeni rasmi hupiga makofi, risala husomwa, na kesho yake taarifa hueleza kwamba zoezi lilifana sana. Hapo ndipo penye kasoro. Zoezi lililopangwa ili lisishindwe haliwezi kumfundisha mtu lolote. Hilo si zoezi, ni sherehe.

Historia yetu wenyewe inatuonya. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Mamia ya watu walipoteza maisha. Katika msiba ule kuna jambo moja ambalo halijasahaulika. Baada ya meli kupinduka, sehemu yake ilibaki juu ya maji, na ndani yake walikuwamo watu walio hai, wakivuta hewa iliyokuwa imenasa. Tundu likakatwa ubavuni ili watolewe. Hewa ile ikatoka, maji yakapanda, na meli ikazama nao. Waliokata tundu lile hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na huruma na haraka ya kuokoa, lakini hawakuwa na maarifa ya kazi ile, na maarifa hayo hayawezi kupatikana mbele ya watu wanaogonga chuma wakiomba msaada. Hupatikana kabla.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, katika Wilaya ya Ukerewe. Watu zaidi ya 220 walifariki. Giza lilipoingia siku ile ya kwanza, uokoaji ulisimamishwa hadi asubuhi. Tarehe 22 Septemba, siku ya tatu, wazamiaji walimtoa mhandisi wa kivuko hicho akiwa hai, baada ya kukaa ndani ya chumba kilichobaki na hewa. Habari ile iliwapa wananchi faraja kubwa. Lakini mtumishi wa umma anayeisoma kwa makini hawezi kukwepa swali linalofuata: je, usiku ule wa kwanza, ni nani wengine walikuwa bado wanavuta hewa? Hakuna awezaye kulijibu. Tunachoweza kukijibu ni swali la kazi. Kuokoa usiku majini kunahitaji taa, vyombo na watu waliowahi kufanya kazi hiyo usiku. Kikosi ambacho mazoezi yake yote yamefanyika saa nne asubuhi, jua likiwaka, hakiwezi kuambiwa saa mbili usiku kwamba sasa kiwe kikosi kingine.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022. Ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliookolewa ni 24, na 19 wakafariki. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko kando ya ziwa, na kila abiria aliyewahi kutua pale ameyaona maji hayo kupitia dirishani. Pamoja na hayo, waliofika kwanza kwenye ndege ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi aliyejitosa kuwaokoa abiria alisifiwa na Taifa zima, akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sifa ile aliistahili kabisa. Hata hivyo, kumsifu shujaa kusitufanye tusahau kuuliza ni kwa nini shujaa alihitajika. Pale ambapo utaratibu umezoezwa barabara, mvuvi hufika akiwa sehemu ya utaratibu huo: anajulikana, namba yake ya simu imeandikwa, kamba na maboya vimewekwa karibu naye, na amekwisha kuonyeshwa mlango wa ndege hufunguliwa vipi.

Sheria za kimataifa za usafiri wa anga zimeliona jambo hili zamani. Mkataba unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unavitaka viwanja vya ndege vifanye zoezi kamili la dharura kwa kipindi kisichozidi miaka miwili, na kiwanja kilicho karibu na maji au kinamasi kiwe na mpango wa kupata waokoaji wanaofaa mahali hapo. La kuzingatia zaidi ni lile linalotakiwa kufanywa kati ya zoezi kamili moja na jingine. Katika mwaka wa katikati yapasa yafanywe mazoezi madogo, ili kuhakikisha kwamba kasoro zilizoonekana katika zoezi kubwa zimerekebishwa. Tazama jinsi sheria ile ilivyotungwa. Imechukulia kwamba kasoro zitaonekana. Haikumwazia msimamizi ambaye zoezi lake limekwenda bila dosari hata moja. Ilimwazia binadamu wa kawaida, anayekosea, anayeandika kosa lake, na anayerudi kulisahihisha.

Wenzetu wa mbali wamekwisha kuyaona matunda ya njia hiyo. Tarehe 19 Julai, 1989, ndege kubwa aina ya DC-10 iliyokuwa ikisafiri kutoka Denver kwenda Chicago, nchini Marekani, ilipoteza uwezo wa kuongozwa ikiwa angani, ikajaribu kutua katika mji mdogo wa Sioux City. Ilipasuka vipande na kuwaka moto. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walifariki na 184 wakaokoka, jambo ambalo kwa kuitazama ajali yenyewe lisingetazamiwa. Mwaka 1987, miaka miwili kabla, watu wa Sioux City walikuwa wamefanya zoezi kamili la kuanguka kwa ndege katika uwanja ule ule. Zimamoto, hospitali, polisi na askari wa akiba walikuwa wamekwisha kujuana. Rubani mkuu wa ndege ile, Al Haynes, aliyezunguka miaka mingi akiieleza ajali hiyo, alizoea kutaja mambo matano yaliyookoa watu: bahati, mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Bahati ilikuwapo kweli. Hospitali zilikuwa zinabadilishana zamu, hivyo wauguzi wa zamu mbili walikuwapo kwa pamoja. Lakini wauguzi wengi wasio na mpango huwa ni msongamano tu. Mpango ndio uliowageuza kuwa nguvu.

Sasa tuingie hospitalini, maana huko ndiko zoezi la kweli linakohitajika kuliko mahali pengine popote. Katika siku za kawaida, daktari hufundishwa kumpa mgonjwa mmoja kila alicho nacho. Siku ya maafa kanuni hiyo hubadilika: anatakiwa agawe alicho nacho kwa watu 60 au 100, na aanze na yule atakayekufa asiposaidiwa sasa hivi, ambaye bado anaweza kuokolewa. Katika nchi nyingi majeruhi hupangwa kwa rangi nne. Nyekundu ni wa kuhudumiwa mara moja, njano anaweza kusubiri kidogo, kijani anaweza kutembea mwenyewe, na nyeusi amekwisha kufariki au hana tumaini kwa uwezo uliopo. Utaratibu mmoja unaojulikana sana ulitungwa mwaka 1983 huko Newport Beach, California. Mhudumu hutazama kama majeruhi anaweza kutembea, anapumua namna gani, damu yake inazunguka namna gani, na kama anaelewa anachoambiwa. Kila mtu asichukue hata dakika moja.

Ukiusoma utaratibu huu darasani, ni mwepesi. Kuutenda ni jambo jingine. Muuguzi kijana anatakiwa ampite anayepiga mayowe, kwa kuwa anayepiga mayowe anapumua, akamfikie yule aliyenyamaza kimya pembeni. Anatakiwa amwambie baba aliyembeba mtoto wake kwamba mtoto huyo atasubiri. Anatakiwa afanye hivyo huku ndugu, majirani na waandishi wa habari wamejaa mlangoni. Hakuna cheti kinachompa mtu moyo wa kufanya hivyo mara ya kwanza. Moyo huo huja kwa kufanya, kukosea mahali ambapo hakuna afaye, kuelekezwa, na kurudia.

Hali kadhalika milango ya hospitali ina elimu yake. Wanaofika kwanza aghalabu si walioumia zaidi. Ni wale walioweza kutembea, au kupanda pikipiki, na hufika katika hospitali iliyo karibu zaidi. Wakipokelewa wote bila mpango, vitanda hujaa watu wenye michubuko, na mahututi wanapoletwa nusu saa baadaye hukuta hakuna nafasi. Hospitali iliyowahi kufanya zoezi huteua mapema mahali pa kuwapokea wale wa kijani, pengine chini ya mwembe au katika ukumbi wa mikutano, na kuuacha wazi mlango wa chumba cha dharura. Jambo hilo halihitaji fedha za kigeni. Linahitaji mtu mmoja aliyepewa amri ya kusimama mlangoni na kuwaelekeza watu.

Haitakuwa haki kusema kwamba hapa kwetu hakuna kilichofanyika. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na madaktari bingwa wa fani hiyo wakaanza kusomeshwa nchini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi vijijini na mitaani. Muundo tunao, sheria tunayo, na wataalamu tunao zaidi kuliko wakati wa MV Bukoba. Kinachopungua ni ujasiri wa kuujaribu muundo huo kwa haki.

Nasema ujasiri kwa makusudi. Kikwazo kikubwa cha mazoezi ya kweli ni hofu ya aibu, kuliko hata uhaba wa fedha. Mkuu wa idara anajua kwamba akipiga king'ora saa nane usiku bila kumwambia mtu, huenda gari la wagonjwa likakutwa halina mafuta. Huenda ufunguo wa stoo ukawa mfukoni mwa mtu aliyekwenda likizo. Huenda nusu ya namba za simu zilizobandikwa ukutani zikawa za watumishi waliohamishwa zamani. Anajua pia kwamba yote hayo yataandikwa, na taarifa itapanda juu yenye jina lake. Basi huona ni heri zoezi lifanyike mchana, litangazwe, na lifane. Kwa kufanya hivyo amelinda jina lake, lakini amewaachia wagonjwa wa kesho gari lile lile lisilo na mafuta. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Hapa kilio si cha mfichaji peke yake, ni cha mji mzima.

Kwa hiyo wenye mamlaka ya juu wana wajibu wa kuanza. Wabadili swali wanalowauliza walio chini yao. Badala ya kuuliza kama zoezi limefana, waulize ni kasoro zipi zilizopatikana, nani amepewa kazi ya kuzirekebisha, na kwa tarehe gani. Mganga mkuu wa wilaya anayeleta orodha ya kasoro 12 apongezwe kwa kuwa ameijua hospitali yake. Yule anayeleta taarifa isiyo na kasoro hata moja ndiye aitwe aeleze. Kumwadhibu mtu kwa kosa lililofichuliwa katika zoezi ni kuwafundisha watumishi wote kusema uongo. Adhabu, ikiwa lazima itolewe, na iwe kwa kosa lililofichuliwa mwaka jana na kukutwa tena mwaka huu halijaguswa.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye mahitaji mengi haiwezi kutumia fedha kuigiza ajali. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mazoezi yote yangehitaji helikopta. La hasha. Zoezi la simu, ambalo mtu mmoja huwapigia watumishi wote walio katika orodha ya dharura na kuandika ni wangapi walipokea na wangefika baada ya muda gani, linagharimu fedha kidogo mno. Zoezi la mezani, ambalo wakuu wa polisi, zimamoto, hospitali na halmashauri huketi pamoja asubuhi moja na kusimuliwa ajali hatua kwa hatua, kila mmoja akieleza angefanya nini, linagharimu chai. Sherehe ndizo zenye gharama. Turubai, posho, fulana na chakula cha wageni vingetosha kununua mafuta, kamba na taa.

Wengine watasema kwamba zoezi la ghafla litawatia watu hofu na kuvuruga huduma. Hofu hiyo inaweza kuzuiwa kwa busara. Wananchi waambiwe kwamba katika mwezi fulani kutakuwa na mazoezi, bila kutaja siku wala saa, na wodi zenye wagonjwa mahututi zisiguswe. Hofu iliyo kubwa zaidi ni ile ya watu wasiojua la kufanya. Tarehe 10 Agosti, 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalizunguka wakichota petroli, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Pale palihitajika mtu mmoja mwenye mamlaka na mazoea ya kuwaondoa watu katika dakika zile za kwanza, kabla ya cheche ya kwanza.

Hapo ndipo walimu wanapoingia. Mwalimu, hasa wa shule ya bweni, ni mwokoaji wa kwanza, apende asipende. Mwaka 1994 moto katika bweni la Shule ya Sekondari ya Shauritanga, huko Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2020 moto mwingine uliua watoto 10 katika Shule ya Byamungu, wilayani Kyerwa. Hakuna gari la zimamoto litakalofika bwenini kabla ya mwalimu wa zamu. Basi na ajiulize leo: ufunguo wa mlango wa pili uko kwa nani? Watoto wakiamshwa gizani watakusanyika wapi, na wataitwa majina kwa daftari gani? Je, kila mtoto anajua kwamba namba ya zimamoto ni 114? Zoezi la kuwaamsha wanafunzi usiku mara moja kwa muhula, kuwatoa nje na kuwahesabu, huchukua robo saa. Mara ya kwanza litakwenda ovyo, na huo ndio ushahidi kwamba lilikuwa linahitajika.

Ndugu zangu watumishi wa umma, mambo yanayotakiwa si mengi. Zoezi moja kila mwaka lifanywe usiku au siku ya mapumziko. Wavuvi, waendesha bodaboda, mgambo na viongozi wa mitaa waalikwe kushiriki, maana wao ndio watakaofika kwanza. Kasoro ziandikwe ndani ya siku saba, kila moja na jina la mtu na tarehe. Zoezi linalofuata lianze kwa kuzikagua kasoro hizo kabla ya jambo jingine lolote. Na mgeni rasmi, kama lazima awepo, aje bila kutangaziwa jukwaa, asimame pembeni na saa mkononi.

Orodha ya dharura iko katika kila ofisi ya wilaya, katika kila hospitali na katika kila shule ya bweni. Pengine imo ndani ya faili, pengine imebandikwa nyuma ya mlango. Leo jioni, baada ya saa za kazi, na ichukuliwe, ipigwe simu ya namba ya kwanza, kisha ya pili, hadi ya mwisho. Zile zisizopokelewa ziandikwe. Hapo zoezi litakuwa limeanza.